Kasiksi ya Mwalimu Nabintu

Kabati la kemia la shule yetu ya wasichana kule Bagira lilikuwa na kufuli kubwa, na ndani yake chupa moja tupu. Mwalimu Nabintu alilifungua kila Jumatatu, akaitazama chupa, akalifunga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Kulalamika hakukujua, alijua kutafuta.

Mwaka 1975 inspekta akatangaza kuja. Darasa lisiloweza kufanya hata jaribio moja mbele yake litanyang'anywa kemia, na wasichana watapelekwa kushona. Mimi na sindano hatujawahi kupatana. Niliogopa kweli.

Nabintu yeye alikwenda kwa mama mkwe wake, maman Euphrasie, aliyepika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nyuma tu ya shule. Kasiksi ya siku moja huchemka yenyewe bila moto, na hutoa gesi inayozima mishumaa.

"Maman, kesho uniletee ndoo moja," alimwambia. "Iko ya inspekta."

Heri hayo maneno ya mwisho angeyameza.

Kesho yake inspekta alikaa mbele, abacost, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai, ikimbana tumbo. Nabintu akaeleza kwamba gesi hii haionekani, ni nzito kuliko hewa, na imelala juu ya pombe. Akashusha mshumaa unaowaka ndani ya ndoo. Haukuzimika. Akaushusha tena, ukawaka kama wa Pasaka. Inspekta akafungua kalamu.

Nabintu akachovya kidole, akaonja, akageukia mlango, ambapo mama mkwe alisimama akingoja sifa zake.

"Maman, hii imeshaiva."

"Ndiyo, iko ya siku ine. We Virginie," akasema, maana serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo lakini haikumfuta mama mkwe, "nitapatia mugeni kasiksi yenye ingali inachemuka? Watu watasema nini juu yangu?"

Tulicheka. Kisha tukakumbuka sindano.

"Na ile yenye kuchemuka iko wapi, maman?" inspekta akauliza.

"Iko ku nyumba, mu mutumbwi."

"Twende, basi."

Tukaenda wote. Inspekta mwenyewe akashusha mshumaa kwenye ule mtumbwi wa kupikia pombe. Ukazimika. Akauwasha, ukazimika tena, na hakuacha mpaka njiti za kiberiti zilipobaki tatu. Nabintu akachota gesi kwa kopo tupu, akaimimina juu ya mshumaa uliowaka chini. Hatukuona kitu kikitoka, lakini mshumaa ukafa. Maman Euphrasie akafanya ishara ya msalaba.

"Miaka makumi tatu napika hii pombe," akasema, "na hakuna mutu aliniambia."

Inspekta akaandika: "Laboratwari ipo, nyuma ya shule." Halafu akaulizia ile ndoo ya siku nne. Maman Euphrasie akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka, ndipo akampa.

Nabintu alifundisha pale miaka kumi na tisa, na kabati halikupata chupa ya pili. Mimi leo nafundisha kemia. Kifungo kikikatika, mume wangu ndiye anayeshona.