Nyaya za Gari la Sista Veronika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya wizara pale Shinyanga mjini, msimamizi alinipa ovaroli iliyokwishavaliwa na mtu mwingine, kisha akanionyesha gari dogo lililoegeshwa mlangoni. Nyuma ya tairi palikuwa na jiwe kubwa. Nikamwuliza la nini.

"Hendibreki haishiki," akasema. "Shinyanga ni tambarare, kijana. Gari litakwenda wapi?"

Mafundi wakacheka. Ilikuwa miaka ya sitini, nami nilikuwa mgeni, nikavaa ovaroli. Lakini jibu lile lilinikera siku ile, na mpaka leo linanikera.

Niwaeleze ninyi ambao magari yenu mnayapeleka kwa fundi bila kujua kilichomo chini. Breki ya mguu hufanya kazi kwa mafuta. Breki ya mkono hufanya kazi kwa waya. Ukivuta ule mkono kati ya viti, unavuta nyaya zinazopita chini ya gari mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Kila waya umo ndani ya ganda lake, na mwisho wake hufungua breki shuu, zile pedi zilizopinda kama mwezi mchanga, zikaibana kwa ndani deramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, gurudumu likatulia. Hata mafuta yakivuja yote, waya unabaki. Ndiyo maana ukaitwa breki ya akiba.

Adui wa waya ni maji, na kwetu maji huja na udongo wa mbuga. Ule udongo mweusi ukishanata chini ya gari haukauki haraka. Ganda likipasuka kidogo tu, unyevu unaingia, kutu inavimba, waya unagandana na ganda. Hapo unavuta mkono mpaka juu na gurudumu halina habari. Kutu haitibiwi kwa grisi. Waya uliooza hutolewa, ukawekwa mwingine, basi.

Shinyanga nilifungua injini na giaboksi nyingi, nikapanda mpaka fundi daraja la kwanza. Kubadilisha nyaya za hendibreki niliagizwa kwa nadra sana. Nikisema, najibiwa kuna kazi muhimu zaidi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizara ikanihamishia Geita, nami nikaenda na mke wangu, Mama Kulwa, na pacha wetu.

Geita ni vilima. Magari yaliyochakaa kwetu kwenye tambarare yaliletwa kule pamoja na sisi, na mawe yake. Juu ya karakana alikuwako Mkuu wa Usafiri. Msidhani alikuwa mtu wa mezani asiyejua kitu. Alikuwa dereva wa malori kabla ya kupandishwa cheo, na gari alilijua kwa kulisikiliza tu. Hilo ndilo lililonichoma.

Mwezi wa mvua, dereva wetu mmoja aitwaye Shija aliegesha pikapu kwenye mteremko wa sokoni, akavuta hendibreki, akashuka kutafuta jiwe. Pikapu ikaanza kushuka kuelekea kwa kina mama waliokuwa wametandaza dagaa na viazi. Shija akaukimbilia mlango, akaning'inia, akafanikiwa kuukata usukani. Gari likagonga ukuta, na mguu wake ukabanwa katikati. Kina mama wote walipona. Shija alivunjika mguu mahali pawili.

Pikapu ilipoletwa karakana niliingia chini yake. Waya ulikuwa umekatika, na pale ulipokatikia ulisagika vidoleni kama ugoro. Nikamwita Mkuu wa Usafiri aje aone.

Akainama, akaangalia, akasimama akifuta magoti. "Hilo nimeliona kabla yako, fundi," akasema. "Lakini nikisema ni waya, nitaulizwa gari bovu lilitokaje getini. Nikisema dereva hakuvuta breki, yamekwisha."

"Na Shija?"

"Shija ana ndugu Ushirombo. Atalima."

Alisema hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai. Shija akaachishwa kazi kwa uzembe, akiwa bado kitandani.

Aliyemfunga ule mguu alikuwa Sista Veronika, mkunga aliyezungukia zahanati za vijijini mpaka upande wa Bulyanhulu. Aliendesha mwenyewe gari dogo lililotunzwa na karakana yetu. Lilikuwa na hendibreki ya jina tu, kwa hiyo alibeba jiwe lake ndani, kwenye kiti cha mbele. Kila alipofika kliniki alijinyoosha kwanza nje ya mlango kuweka jiwe chini ya tairi, mguu mmoja ukiwa bado kwenye breki, huku akina mama wenye watoto mgongoni wakilisogelea gari kumpokea. Aliomba nyaya karakana tangu kiangazi. Akaambiwa hakuna vipuri nchini, na kweli siku zile hata sabuni ilitafutwa.

Jumapili moja baada ya misa alikuja nyumbani kwangu na kifurushi.

"Baba Kulwa, habari za asubuhi. Kaka yangu wa Mwanza amezipata nyaya. Mpya. Nimempelekea Mkuu wako, amesema kitu kisichotoka stoo yake hakifungwi."

"Sista, mimi nitafungwa nacho."

"Basi zishike, nikawaeleze wale mama kwamba fundi anaogopa."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Gari lipite huku, nyuma ya jiko," akasema. "Kuna kivuli."

Tukalisukuma mpaka hapo. Nikazuia magurudumu ya mbele, nikainua nyuma kwa jeki, nikaweka magogo mawili ya mninga chini ya chesesi, fremu ya gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Nikalegeza nati ya kurekebishia pale kwenye mkono, nikatoa magurudumu, nikatoa deramu. Moja ilikataa, nikaigonga taratibu kwa ubao mpaka ikaachia. Nikafungua breki shuu, nikachomoa ncha za nyaya kwenye vishikizo. Waya wa kushoto ulitoka na ganda lake kama fimbo, haukupinda hata. Sista akaushika, akauzungusha mkononi, akasema polepole, "Ndio huu niliokuwa nauvuta mbele ya watoto wa watu."

Nyaya mpya nikazipitisha mle mle zilimopita za zamani, mbali na bomba la moshi, nikazibana ili zisining'inie. Nikarudisha vyote, kisha Sista akakaa kwenye usukani akivuta na kuachia, mimi nikikaza nati na kuzungusha gurudumu. Ukivuta, magurudumu yote mawili yashike sawasawa. Ukiachia, yazunguke bila kukwaruza. Tulipomaliza tukalipeleka kwenye mteremko wa kanisani, akavuta, akashuka mikono mitupu. Gari likatulia. Mama Kulwa akapiga makofi mara moja, akarudi kwenye mchele wake. Sista akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja."

Kesho yake Mkuu wa Usafiri aliniita mbele ya mafundi wote.

"Umeifanya nyumba yako gereji ya serikali. Gari la Sista nimeagiza liletwe, liko nje. Toa ulichofunga, rudisha vya zamani."

"Vya zamani vimeoza, mkuu. Wewe unajua."

"Sikukuuliza vimekuwaje."

"Sitoi," nikasema. Akamgeukia fundi mwenzangu, naye akajifanya anatafuta spana. Wakati huo Sista Veronika alikuwa amekaa garini, milango imefungwa, sare yake nyeupe, ameshika usukani.

"Toeni nikiwa humu," akasema kupitia dirishani. "Nina wajawazito wananisubiri, lakini nitakaa."

Alikaa mpaka Mkuu wa Usafiri akaingia ofisini na kufunga mlango. Nyaya zikabaki. Mimi haukupita muda nikahamishiwa Mhunze, kulinda pampu ya maji. Pale hapakuwa na gari hata moja la kutengeneza. Fundi daraja la kwanza nikawa napaka grisi kisima, miaka hiyo yote, mpaka nikastaafu. Shija hakurudishwa kazini. Alitembea kwa mkongojo, na watu walizoea kusema ni yule dereva mzembe.

Wengi huniambia, mzee, samehe, zilikuwa nyakati za uhaba. Sikubali. Uhaba ulikuwa wa vipuri. Haukutulazimisha kumbebesha aliyevunjika mguu kosa la kutu, wala kutaka waya mzima utolewe ili uliooza urudi. Hayo yalifanywa na mtu aliyejua, akiwa ameshiba.

Siku ya kuniaga, mkuu mpya aliyetumwa kutoka mkoani, asiyenijua kabisa, alisimama akanisifu kwamba katika utumishi wangu wote nilikuwa mtii na sikuwahi kupingana na wakubwa. Watu wakapiga makofi. Mama Kulwa, aliyekaa kando yangu na kitenge kipya, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka meza kuu:

"Huyu anayeagwa ni nani?"