Milioni Moja na Moja

Kilichoninyima usingizi ni namba moja: milioni moja na moja. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikifundisha hesabu darasa la jioni la watu wazima kule mtaa wa Gerezani, na nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Makuli, mafundi wa reli na akina mama wa sokoni wakainakili kwa wino. Nilikuwa nimeijaribu kwa namba tasa zote zilizo chini ya mia. Kanuni inataka ufike hadi elfu moja. Nilichoka, nikajiambia inatosha.

Na kama haikutosha? Wengi wao walikuja darasani kwa kusitasita, wakiogopa kuchekwa uzeeni. Wakijua mwalimu mwenyewe anabahatisha, nani atarudi?

Asubuhi nikaenda Kariakoo kwa mwanafunzi wangu mmoja, mama wa Kilwa aliyeuza nazi kwa jumla. Nilitaka tu mtu wa kumwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu? Umeoa kwa siri?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakalia gunia.

"Namba yako nimeshaipanga kichwani tangu juzi. Nilikuonea haya tu, msomi wetu."

Pale kwake nazi zilihesabiwa mia, kisha ikaongezwa moja, maana mbovu haikosekani. Fungu lisilo na nyongeza hakuliuza.

"Sikiliza. Milioni ni mafungu elfu kumi ya mia mia. Ile moja yako weka pembeni. Sasa kila fungu linataka nyongeza. Navunja fungu moja, nazi zake mia zinatosheleza mafungu mia. Yaani katika kila mafungu mia na moja, moja linavunjwa, mia yanakamilika. Fanya hivyo mara tisini na tisa. Yamebaki mangapi?"

Nikapiga hesabu kwa vidole. "Moja."

"La nazi mia. Nyongeza yake iko wapi?"

"Ile ya pembeni."

"Haya, imebaki nazi hata moja?"

Haikubaki. Mafungu elfu tisa mia tisa na moja, kila fungu nazi mia na moja. Na mia na moja ndiyo namba tasa ya kwanza baada ya pale nilipoishia. Hatua moja tu!

"Ukitaka nanyamaza," akasema, akinichagulia nazi ya kwenda nayo nyumbani.

Mchana kutwa niliipima ahadi ile. Ingenisitiri, lakini daftari zao zingebaki na uongo wangu, na yeye angebaki akimwonea haya mtu aliyemzidi cheti tu. Hadi leo namshukuru kwa yote mawili, kwa hesabu yake na kwa kuniachia nichague.

Jioni, darasa lilipojaa, niliandika upya milioni moja na moja. "Somo lililopita nilikosea," nikasema. "Namba hii si tasa. Ikateni daftarini." Kisha nikamwita mama mbele, nikampa chaki, nikaenda kukaa kwenye dawati lake.