Ulimi wa Povu

Jina lake la kuzaliwa mtaani kwetu limeshasahaulika. Anaitwa Povu, kwa kuwa tangu akiwa msichana hakuna aliyewahi kumwona na viwiko vikavu. Sasa ni mwanamke mtu mzima, mvi zimeanza kuchungulia, na bado Povu ni Povu. Anaishi na baba yake, fundi saa aliyestaafu kwa sababu saa zenyewe zimestaafu. Watu siku hizi wanatazama wakati kwenye simu, na mzee amebaki na meza yake karibu na dirisha, anafungua saa zilizo nzima na kuzifunga tena.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kinapakana na jiko lao, na ukuta ulio kati yetu ni mwembamba hivi kwamba najua wanakaanga vitunguu kabla pua haijanipa habari. Tena ni mimi ninayewashonea vifuko vya sabuni, kwa hiyo msiniite mbea. Nina kazi mle ndani.

Jiko lao lina pande mbili. Kushoto ni chakula, kulia ni sabuni, na katikati hakuna kitu ila desturi. Mipaka aliiweka mama yake Povu, na mama yule alikuwa hana mchezo. Mwiko wa sabuni ulifungwa uzi mwekundu, na ole wako ukoroge nao uji. Sufuria za alumini hazikuvuka kwenda kulia, kwa sababu kostiki, ile chumvi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inazitafuna mpaka zinatoboka. Humo humo, mchana kutwa, mama na binti walipika sabuni za kuuza na chakula cha kula, na sijawahi kusikia kwamba vimeungana.

Siri ilikuwa kile mama alichokiita chakula cha kujipika. Alikuwa hawezi kusimamia vyungu viwili, basi alisimamia cha sabuni, na cha chakula akakiachia kijisimamie. Maharage yaliyolala majini usiku kucha aliyachemsha kidogo asubuhi, akayatia kwenye chupa ya chai na maji yake yanayochemka, akafunga kifuniko. Ikifika saa ya chakula yamelainika bila kuwashiwa moto tena. Wali ukikaribia kukauka aliuondoa jikoni, akauviringisha kwenye blanketi kuukuu akauacha umalizie humo. Kilichobaki kilikuwa kukaanga kitunguu na nyanya, na hiyo ni kazi ya mkono mmoja. Mimi mwenyewe nimeiga ile ya maharage, na mume wangu mpaka leo anadhani naamka alfajiri kwa ajili yake.

Sabuni haikuwa na njia ya mkato. Ikishamiminwa na kukatwa vipande, ililazwa rafuni wiki na wiki, kostiki ikitulia. Kabla haijafungwa ililambwa. Ndiyo, ililambwa, kwa ncha ya ulimi. Sabuni ambayo haijaiva inauma ulimi kama betri ndogo, na ikiuma ulimi itauma ngozi. Mama alilamba, akatema, akasema moja kati ya mawili: "Inauma," ikarudi rafuni, au "Haiumi," ikaenda kwenye kifuko. Sabuni za watu wazima alilamba moja moja hapa na pale. Zile za kuogesha watoto wachanga, zisizo na marashi, ambazo mkunga wa zahanati ya barabara ya juu huzichukua kwa boksi, alilamba kila kipande. Mzee alikuwa akimtania kwamba ndoa yao ndiyo safi kuliko zote mtaani, maana mkewe anamwamsha na kinywa kinachonukia sabuni. Mama alicheka kila mara, utani ule ule, kana kwamba ameusikia sasa hivi.

Kisha mama akafa. Alianguka asubuhi pale kwenye mpaka wa katikati, mwiko wenye uzi mwekundu mkononi, na hakuinuka.

Povu hakulia. Watu walimsifia, wakasema ana moyo wa chuma. Mimi nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni na sikuona chuma. Niliona mtu aliyekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, una uzito wake, lakini ukiuminya hausemi. Nilipomuuliza anaendeleaje, aliniambia bila kuficha.

"Dada, sihisi kitu. Watu wananiambia pole, nawajibu nimeshapoa. Niko tu."

Msiba ulipokwisha alirudi jikoni. Sasa pande zote mbili zilikuwa zake. Alitia maharage kwenye chupa ya chai, akaviringisha wali kwenye blanketi, akayeyusha mafuta, akakoroga, akamimina, akakata. Hakuna alichokisahau, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimsikia kupitia ukutani, hatua zile zile za kila siku, ila nyimbo za mama hazikuwepo wala ugomvi wao wa nani kaacha bomba wazi. Kazi ilikwenda, na aliyekuwa akiifanya hakuwepo.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, nilipeleka vifuko. Povu akaniambia nikae nile. Mzee naye ndio alikuwa anarudi kutoka nje, alikokwenda, kwa maneno yake, kunyoosha miguu. Kabla ya kuketi alichukua kikombe cha maji, akasimama mlangoni akasukutua kinywa mara kadhaa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kisha akaja mezani, akavuta sahani yake na jagi la maji.

Nilitia kijiko cha kwanza cha maharage mdomoni na macho yakanitoka. Chumvi! Si kwamba ilizidi. Yalikuwa ni maharage yaliyozama baharini. Nikamtazama mzee. Anakula. Kijiko, maji, kijiko, maji, uso wake umetulia kama wa mtu anayesoma gazeti la jana. Nikamtazama Povu. Naye anakula, wala hagusi maji.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekula pale viazi visivyo na chumvi hata chembe, nikajinyamazia, nikasema mfiwa hasumbuliwi kwa habari ya viazi. Lakini siku ile nilishindwa. Mimi sina kifua cha kuweka mambo, na ulimi ulikuwa unawaka moto.

"Shoga, umetia chumvi mara ngapi humu?"

Povu akainua uso. "Imezidi?"

"Imezidi? Hebu onja."

"Si ndio ninakula?"

"Onja, nakuambia. Usile tu."

Akatia kijiko mdomoni, akakiacha humo kidogo, akakitoa akakitazama kama anatafuta kitu kilichodondoka.

"Sioni ladha yoyote," akasema.

"Tangu lini?"

Akafikiri. Alifikiri kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeulizwa bei ya mafuta. "Sijui. Nilidhani ndivyo vyakula vilivyo siku hizi."

Hapo ndipo nilipogeuka kutazama upande wa kulia wa jiko. Rafu ilikuwa tupu. Zile sabuni nyeupe za watoto, nilizoziona jana yake zimejipanga pale, hazikuwepo.

"Povu. Zile za mkunga zimekwenda wapi?"

"Nimempelekea asubuhi."

"Na ulizilamba?"

"Zote. Kila kipande. Hazikuuma." Nikaona lile neno likimfikia, polepole, kama maji yanayopanda ukutani. "Dada," akasema, "hazikuuma hata moja."

Tuliacha sahani mezani. Nyuma yetu nilimsikia mzee akisema kitu, lakini mzee huongea polepole, na sisi tulikuwa tumeshavuka barabara. Mimi nilikuwa na kandambili za nyumbani na tepu ya kupimia shingoni. Povu alikuwa mbele yangu, anatembea haraka bila kukimbia, mikono imening'inia. Njia nzima nilikuwa na picha moja kichwani: mtoto wa siku moja, ngozi yake bado laini kama ngozi ya maziwa, na kipande cheupe cha sabuni kinachomsubiri kwenye beseni. Nilimwambia Povu labda hawajaanza kuzitumia. Alisema, "Huwa wanaogesha mchana." Sauti yake haikutetemeka, na nilitamani itetemeke.

Zahanati ilikuwa na watu kwenye mabenchi, wamama na mabunda yao. Mkunga alikuwa mlangoni pa chumba cha kuogeshea, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali, mikono kiunoni. Alitutazama kandambili hadi tepu.

"Na nyie mmekuja kulamba?"

Povu akauliza, "Nani amekuja kulamba?"

"Si baba yako! Umeondoka tu, naye huyo. Amekaa pale kwenye benchi, akaomba boksi na kikombe cha maji. Analamba kipande, anatema, anakiweka kushoto. Analamba kingine. Wagonjwa wameacha kuumwa, wanamtazama yeye. Nikamwambia, mzee, njaa hiyo si ya sabuni, ngoja nikutafutie mkate. Hata hakucheka." Mkunga akashusha mikono kutoka kiunoni. "Alitoa viwili akatia mfukoni. Vya pembeni, alisema, kostiki haikukorogeka vizuri huko. Vingine akasema niogeshee tu, haviumi. Nami nikamuuliza, mzee, nani kakutuma? Akasema mkewe. Akasema mkewe hakuwahi kuleta boksi hapa bila kulambwa."

Ndani ya chumba mtoto alikuwa analia kilio cha kawaida, cha kukasirikia maji. Povu alisimama akisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akasema ahsante, akageuka, tukarudi.

Njiani nilimwambia habari ya viazi visivyo na chumvi, na ya wali wa siku nyingine, mpaka tukafika kwenye kona yetu. "Alikula viazi vile," akasema. "Na ule wali. Dada, kuna siku nadhani nilitia chumvi kwenye chai. Aliinywa yote."

Mzee alikuwa mezani kwake karibu na dirisha. Mbele yake, kati ya parafujo za saa, ndogo kama mbegu za nyanya, vilikuwa vipande viwili vya sabuni nyeupe. Sahani yake ya maharage ilikuwa imekwisha. Mimi nilisimama mlangoni, na nakiri ningeweza kwenda kwangu, lakini hata huko ningesikia yote kupitia ukutani.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Nilikuwa nakuambia mkakimbia."

"Si leo. Siku zote hizi. Chakula changu hakiliki na wewe unakila."

Mzee akavua kile kioo chake cha jichoni, akakifuta kwa ncha ya shati. "Ulikuwa unapika, mama," akasema. "Ningekwambia, ungeacha. Ukiacha kupika ungeacha na sabuni. Tena tungekaa humu tunatazamana, mimi na wewe. Chumvi naiweza. Hilo la kutazamana nisingeliweza."

Povu akavuta kigoda akaketi upande wa pili wa meza. Akachukua kipande kimoja cha sabuni, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Akasubiri. Akakigusa tena, ulimi mzima.

"Sihisi kitu," akasema. Akamnyooshea baba yake. "Hebu wewe."

Mzee akakipokea. Akakilamba, uso ukamkunjamana, akatema kwenye kitambaa chake cha kufutia saa.

"Inauma," akasema.

Povu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayetafsiriwa lugha ya kigeni. "Inauma sana?"

Mzee akakirudisha kile kipande mezani, taratibu, mbali na parafujo zake. Akabaki anakitazama.

"Inauma," akasema tena, na safari hii hakuwa amelamba kitu.

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu mama aanguke, mtu katika nyumba ile kulitamka neno hilo si kwa ajili ya sabuni. Mkono wa mzee, ambao nimeuona ukiokota chuma chembamba kama unywele, uliokota parafujo, ukaiangusha, ukaiokota tena. Povu aliweka mkono wake juu yake. Macho yake yalikuwa makavu bado, na siwadanganyi, yalibaki makavu siku ile na siku nyingi baadaye. Lakini hakuuondoa mkono.

Baadaye nilirudi kwenye cherehani yangu. Kupitia ukutani nilimsikia Povu akiyarudisha maharage jikoni, akiongeza maji, akikoroga. Kisha sauti yake.

"Baba. Njoo uonje."

Nikasikia kiti cha mzee kikisogezwa.