Hadithi ya Bertha, Mwana wa Faustina

Siku hizi Apolonia ana meza yake ya kuandikia, huko Uyole, Mbeya, na kiti cha kuzunguka. Vitabu viwili vya hadithi fupi vimeshatoka, cha pili kikapewa tuzo, na majirani wakimwona humwamkia "Shikamoo, mwandishi!" hata wale wanaomzidi umri, kwa utani tu. Ana kompyuta. Ana chumba chenye mlango wa kufunga. Jamani, mtu atake nini tena? Lakini kila akikaa kwenye kiti kile, moyo unamkimbilia Ilula.

Kule alikuwa akiuza nyanya barabarani, yeye na rafiki yake Faustina, ndoo zao sako kwa bako. Hadithi zake za kwanza aliziandika palepale, kwenye daftari la shule, basi moja likishaondoka na jingine halijafika. Ndiyo maana zilikuwa fupi! Basi likisimama, daftari linatupwa, wote wawili mbio madirishani. Wakirudi, Faustina anahema: "Haya, endelea. Yule mwanamume kafanyaje?" Na akipinga, alipinga kweli. "Weee! Mwanamke gani wa Kihehe analia hivyo mbele ya mawifi? Futa!" Apolonia anafuta. Hajapata tena msikilizaji kama yule, na anamkumbuka mpaka roho inamuuma.

Faustina alikuwa na binti, Bertha, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka sita. Mwaka uliofuata alimwomba mwenzake jambo moja: "Mwandike. Awe hai, aende shule." Apolonia akaandika. Mwishoni Bertha alikua, akapanda basi kwenda kuanza sekondari Nyololo. Faustina aliomba asomewe hadithi ile mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Ndiyo hiyo iliyokuja kukipatia kitabu cha pili tuzo. Ila mhariri alisema mwisho ule haukolei. Mtoto afe, msomaji alie. Na Apolonia, kwa uchu wa kuona jina lake kwenye jalada, akakubali. Akamuua Bertha mara ya pili. Aibu hiyo ilimfungia njia ya Ilula miaka mitatu.

Mwezi uliopita Faustina akapiga simu. "Njoo na kitabu. Unisomee ya mwanangu." Angekataaje? Alipanda basi alfajiri.

"Kamwene, mwandishi!" Faustina alimpokea palepale barabarani, akampangusia kreti akae. Walicheka, wakaulizana habari za nyumbani. Apolonia akafungua kitabu, akasoma. Alipofika ukurasa wa mwisho, macho yaliona kitanda cha hospitali, lakini kinywa kikasema mengine: Bertha amekua, ana sanduku lake la bati, anapanda basi. Alisoma yasiyokuwepo.

"Kwenye kitabu sivyo," Faustina akasema. "Mwalimu wa hapa jirani alishanisomea, mwaka uleule kilipotoka. Nililia wiki nzima. Nikakuchukia, Apolonia. Kweli nilikuchukia."

"Nisamehe, dada. Nilipenda sifa." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyaficha.

"Basi linakuja, usinililie mbele ya wateja." Lakini basi liliposimama, Faustina hakunyanyua ndoo yake. Wenzake walikimbilia madirishani, yeye akaazima kalamu kwa mama wa duka la pembeni, akarudi kuketi. "Hii uliyosema leo ndiyo yenyewe. Iandike humohumo."

Apolonia akapiga mstari juu ya kitanda cha hospitali, akaanza kuandika pembeni mwa ukurasa, herufi ndogondogo. Faustina aliinama begani kwake, akifuatisha kwa kidole ingawa kusoma hakujui sana.

"Ameshapanda?" akauliza.

"Anapanda sasa hivi."

"Ngoja kwanza, basi lisiondoke," Faustina akasema. "Mvalishe sweta. Nyololo kuna baridi."