Meli Ndiyo Imenileta

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi Kannan nimepanda meli za starehe mara saba, na hapo sijahesabu ile niliyoteremka kabla haijang'oa nanga kwa sababu ya jino. Shule niliacha darasa la nne nikaenda bandarini, nikaendesha winchi mpaka nywele zikanihama, lakini kwa habari za meli mimi ni profesa. Hapa kwenye jengo letu Singapuri, mtu akitaka kusafiri haendi kwa wakala kwanza. Anakuja kwangu pale chini kwenye meza za mawe, na kahawa ananinunulia yeye.

Nawafundisha. Chukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, bei ni nusu, na bahari ni maji tu, ukiyaona ya leo umeyaona ya kesho. Kwenye chakula cha kujipakulia usiguse mkate, mkate upo kwenu. Kiti cha kando ya bwawa kiwekee pakiti ya tishu alfajiri, watu wataheshimu. Na dawa ya kufunga tumbo beba yako kutoka nyumbani, kwa sababu hata uharishe kama bomba la mtaa lililopasuka, pale mapokezi ya meli usiende kuomba dawa. Hiyo ya mwisho huwa nairudia mara mbili.

Chin Guan alinisikiliza, akatikisa kichwa, akayashika yote isipokuwa hilo.

Ooi Chin Guan ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Fundi viyoyozi. Mtu mfupi, mpole wa sura, maneno machache, lakini yakitoka yanatoka vibaya. Hajawahi kukubali kwamba amekosea. Siku moja alimfungia mzee wa ghorofa ya tisa kiyoyozi kinyumenyume, kikawa kinapuliza baridi barabarani na joto sebuleni, na bado akasema mzee ndiye anayekaa upande usio wake.

Kwao ni Penang, huko Air Itam. Mama yao alikuwa na kibanda cha laksa, zile tambi nene kwenye supu ya samaki na ukwaju, na watu walikuwa wanapanga foleni mpaka kwa muuza maua. Mama alipoanza kuugua, aliyebaki naye ni dada mkubwa, Siew Gaik. Hakuolewa, alimuuguza mama huku anauza, wakati Chin Guan yuko Singapuri anapanda ngazi kwenye kuta za watu. Mama akafariki. Siku ya kumaliza matanga, Gaik akapika laksa ya ukoo mzima. Chin Guan akaonja, akaweka kijiko mezani, akasema mbele ya wote, "Sasa naamini Mama amekufa."

Wengine walicheka, na kicheko ndicho kilichomchoma Gaik. Alikusanya mabakuli, hata ya waliokuwa bado wanakula, akaenda kuyaosha. Tangu siku hiyo hawakusemezana, zaidi ya miaka kumi. Salamu zilikuwa zinapita kwa mlango wa nyuma: Lay Choo, mke wa Chin Guan, anampigia mpwa wao Bee Hong, Bee Hong anamwambia shangazi yake, na kila mmoja anajifanya hajasikia.

Sasa mwaka huu Bee Hong akaleta habari kwamba shangazi miguu imemkataa kwa sukari. Anafunga kibanda kabisa, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Lay Choo alimwambia mumewe wakati wa kula, kama mtu anayetaja mvua. Chin Guan akasema vizuri, apumzike, akaongeza wali. Wiki ileile akaja mlangoni kwangu kuniuliza habari za meli inayokwenda Penang na kurudi, inayofika kule Jumamosi.

Nikamwambia, bwana, Penang ni saa moja na kidogo kwa ndege, na basi la usiku lipo. Akasema anataka kupumzika. Mtu ambaye likizo yake ya mwisho aliilala kwenye kochi. Nilimchokoza mpaka akatema. Kwa akili yake, ukipanda basi kwenda Air Itam umekwenda kumpigia mtu magoti, na mtaa mzima utaona. Lakini ukishuka melini na watalii wengine, unatembea tu, njaa inakushika, na kibanda hiki hapa mbele yako.

"Nitamwambia meli ndiyo imenileta," alisema.

Umesikia hiyo? Kulipia meli nzima, na mabwawa yake na wachezaji ngoma wake, ili kuficha safari ya kwenda kwa dada. Nikaenda nao, nani mwingine angewaongoza? Tukachukua chumba kimoja watu watatu, mimi nikapewa kitanda cha juu kinachoshuka kutoka darini. Bila dirisha, kama nilivyoagiza.

Ijumaa jioni tukaondoka, na Chin Guan akala kamba kama mtu anayelipwa kwa kilo. Sijui ni kamba wale au ni woga wa dada, lakini usiku kucha alikuwa safarini kati ya kitanda na choo. Mimi alfajiri nilitoka kwenda kuwekea viti tishu, nikapitiwa na usingizi hukohuko bwawani. Dawa zilikuwa kwenye begi langu, chini ya kitanda chake, mkono wake ungezifikia bila kuinuka. Lakini Chin Guan hapekui begi la mtu. Akavaa shati, akachana nywele, akashuka mapokezi kuomba vidonge.

Binti wa mapokezi akatabasamu, akamuuliza ni mara ngapi tangu jana. Mtu mkweli, akataja mara zote. Akaulizwa analala na nani. Akatutaja.

Niliporudi chumbani nikakuta kijana mwenye glavu anasugua kitasa cha mlango wetu kwa dawa, na nesi mwenye barakoa ananionyesha ndani kwa kidole, kama mtu anayeswaga kuku. Wote watatu, kufungiwa, tusije tukaambukiza meli nzima. Kadi zetu za mlango zimezimwa. Chakula kitaletwa, uji mweupe na biskuti kavu, na hakuna kutoka mpaka matumbo yote yatulie siku mbili. Nikamwambia nesi mimi tumbo langu ni chuma. Akasema wote huwa wanasema hivyo.

Chumba kile kina ukubwa wa lifti mbili. Mmoja akisimama, wawili lazima wakae. Ukizima taa ni kama umefunikwa kwenye chungu, hujui kama nje ni asubuhi au wameshakufa wote. Hewa inaingia kwa tundu moja darini, na Chin Guan alilala chali anaisikiliza, anasema kuna feni mahali imelegea. Lay Choo alikaa kwenye kona ya kitanda na mkoba mapajani, kama anayesubiri basi. Mimi nilitania saa moja nzima, kisha hata utani ukakosa pa kukaa.

Dirisha letu lilikuwa tivii. Meli zote hizi zina stesheni moja inayoonyesha mbele ya meli, picha ya kamera tu, bila sauti. Mchana wa Jumamosi ikaonyesha mlima wa Penang. Chin Guan akainuka akasimama mbele ya tivii, karibu mpaka pua inagusa kioo. Akamwonyesha mkewe kwa kidole: kivuko kile, chini ya mlima ule ni Air Itam. Kisha meli ikageuka kujifunga gatini, kamera ikabaki inaangalia paa la ghala. Mtetemo ukakoma. Tumefika kwao, na kwao ni mabati na kunguru mmoja.

Akauliza kama kamera inaweza kugeuzwa.

Hapo nikasema nifuate. Mimi nimefanya kazi bandarini maisha yangu yote, hakuna mlango wa meli unaonishinda. Mhudumu wa korido alipokwenda kuvuta kigari chake tukachomoka, mimi mbele, Chin Guan nyuma na kofia ya mkewe. Tukashuka kwa ngazi za wafanyakazi mpaka mlango wa kutokea, tukajichanganya na watalii. Nikachomeka kadi yangu kwa mbwembwe. Taa nyekundu, kengele ikalia, na sura yangu ikatokea kwenye kioo cha mashine, kubwa, imenuna.

Mlinzi alikuwa Mfilipino mdogo, mwenye adabu. Akasema, wajomba, rudini chumbani tafadhali. Lakini Chin Guan hakuwa anamtazama. Nyuma ya mlinzi mlango ulikuwa wazi. Jua lile, ngazi fupi, kisha saruji ya Penang, na harufu ya matope na vitunguu vinavyokaangwa mahali. Akamwomba akanyage tu chini, mguu mmoja, kisha arudi.

"Mjomba," mlinzi akasema, "mimi mwenyewe sijakanyaga chini tangu mwezi wa pili. Zamu yangu haijawahi kuangukia nchi kavu."

Tukarudi.

Chumbani simu ya Lay Choo ilikuwa inalia, maana pale gatini mtandao ulikuwa umeshika. Bee Hong. Na hapo ndipo ya chini ya kapeti yakatoka. Lay Choo alikuwa ameshamnong'oneza Bee Hong kuhusu meli tangu mwanzo, na Bee Hong hana siri. Kwa hiyo Gaik alijua. Kwa kawaida laksa yake inakwisha mapema mchana, lakini siku hiyo alisitisha kuuza, akaacha sufuria kwenye moto mdogo, akaweka kiti chake kuelekea barabarani. Wateja wakija anawaambia imekwisha, na sufuria wanaiona. Jua lilikuwa linashuka. Mbona hamjafika, Bee Hong akauliza.

Lay Choo akaeleza habari ya tumbo. Bee Hong akaipeleka. Tukasikia kwa mbali sauti ya mwanamke mzima, kavu: "Mwambie kama hataki, aseme hataki. Asiniletee habari za mavi yake."

Chin Guan akamnong'oneza mkewe aseme meli imetuzuia, ni sheria. Lay Choo ni mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. Akamwekea simu mkononi.

"Sema mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa ulimi wako."

Akatafuta pa kwenda. Pa kwenda hapakuwepo. Akaingia chooni akafunga mlango. Ukuta wa choo kile ni mwembamba kama biskuti zao, na masikio yake yameharibiwa na mashine, simu anaiweka sauti ya juu. Mimi niliketi karibu na ukuta. Na wewe ungeketi.

"Dada."

"Nani mwenzangu?"

"Guan."

"Guan yupi?"

"Guan wako."

Kitu kikagonga kwenye sufuria kule. Kisha Gaik akasema kwa kejeli anasikia yuko mjini anatembea. Chin Guan akasema hatembei, amefungiwa, wamemzuia mlangoni, meli hii ina masharti.

"Meli imekuleta, meli imekuzuia," Gaik akasema. "Wewe mwenyewe uko wapi?"

Lay Choo alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Meli nimeitafuta mimi," Chin Guan akasema. "Nilitaka kuja bila kuonekana nimekuja. Nimekuja kwako, Dada. Unisamehe ule mdomo."

"Supu ni ileile. Sijabadilisha kitu."

"Najua."

"Hujui. Hukuimaliza."

Chin Guan akasema kweli, hakuimaliza. Gaik akamwambia kesho anafunga, ameshawatangazia watu, na asifikiri ataongeza siku kwa ajili ya tumbo lake. Akapumua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefuta meza, kwamba Jumatatu hana kazi, hajui watu wasio na kazi huwa wanafanya nini asubuhi. Akampa Bee Hong simu.

Bee Hong alituambia baadaye kwamba shangazi yake aliinuka, akafunua sufuria, akawauzia waliokuwepo yote mpaka chini. Kwa hiyo usinitarajie nikuambie bakuli lilitufuata melini. Halikutufuata.

Usiku paa la ghala likaanza kusogea, yakaja mataa, kisha tivii ikawa nyeusi. Chin Guan aliendelea kuitazama hivyohivyo. Jumapili nzima tulikuwa mlemle, uji, biskuti, tundu la hewa. Mchana Chin Guan akauliza ni saa ngapi. Lay Choo akamwambia.

"Basi sasa anaosha sufuria," akasema, akageukia ukutani.

Jioni tukafika Singapuri, wakatutoa wa mwisho, kwa mlango wa peke yetu, kama mizigo iliyovunjika. Nje nikajinyoosha mpaka mifupa ikalia. Tulikuwa tunakwenda kwenye teksi, Chin Guan akasimama, akanipa sanduku lake nimpelekee nyumbani. Yeye akabaki na pasipoti na mfuko mmoja. Akamwambia mkewe awapigie wenye viyoyozi vya Jumatatu, wasubiri. Lay Choo akamfunga kifungo cha shati, hakuuliza anakwenda wapi.

Mimi niliuliza, maana profesa ni mimi. Nikamwambia bwana, basi la Penang ni usiku kucha, halina choo, na tumbo lako tunalijua sote, mpaka nesi.

"Dereva atasimama."

"Kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Nitamwomba," akasema, na akaondoka mbio, kwa sababu basi lilikuwa linakaribia kuondoka, na kwa sababu nyingine anayoijua mwenyewe.