Uji wa Asubuhi ya Kuvuna Mayai

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya uzazi, Dar es Salaam, nilirudishwa bafuni. Nilikuwa mkunga mzoefu, nimezalisha wanawake Kihagara kando ya ziwa, kisha nikahamishiwa chumba cha upasuaji Mbinga. Asubuhi ile nilijipaka mafuta ya kunukia ili niheshimike. Mkuu wa maabara, mama mfupi asiye na mzaha, alinisimamisha mlangoni.

"Sista, kaoge tena kwa maji matupu. Harufu inasafiri hewani, na yai la mtu halina ganda."

Nilinuna wiki nzima. Baadaye niliwarudisha wengi bafuni kwa maneno yaleyale, tena kwa raha.

Ninyi wauguzi vijana mnaoniuliza kazi ilikuwaje, ilikuwa hivi. Kwa kawaida mwanamke hukomaza yai moja kwa mwezi. Sisi tulimpa sindano za homoni ili yakomae kadhaa, kila moja ndani ya kifuko chake chenye majimaji. Vifuko vikifikia ukubwa tunaoutaka, anachomwa sindano ya mwisho ya kukomaza, na hapo hakuna tena kuahirisha. Ukiwahi, mayai ni mabichi. Ukichelewa, yanatoka yenyewe na kupotelea tumboni. Kuvuna hakuhitaji kisu. Mgonjwa analazwa usingizi, daktari anaingiza ukeni kipimo cha ultrasaundi chenye sindano ndefu, anatoboa hadi kwenye ovari huku akitazama skrini, na pampu inanyonya kifuko kimoja baada ya kingine. Mimi nilipokea mirija ya majimaji ikiwa na joto la mwili na kuipitisha kwenye kidirisha cha maabara. Kule mkuu wa maabara alitazama kwa hadubini, na akiliona alitamka neno moja tu: "Yai." Si kila kifuko kina yai, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kikingoja neno hilo.

Alikuja mwanamke wa kwetu Maguu, kule milimani Mbinga, nitamwita Osmunda, akisindikizwa na mama mkwe wake. Mara ya kwanza hatukupata yai hata moja, na daktari mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba ovari zake zimechoka, hii ya pili ndiyo ya mwisho. Tulimwagiza asile wala kunywa chochote tangu usiku, maana mtu mwenye shibe akilazwa usingizi anaweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Asubuhi ya kuvuna, mlangoni nilimuuliza kama ametia kitu mdomoni. Akaanza kulia. Mama mkwe alikuwa ameamka alfajiri, akapika uji kwa unga wa ulezi aliobeba kutoka nyumbani, akamwekea kikombe mkononi. Mnajua kwetu, nani anakataa kikombe cha mama mkwe? Alikuwa ameumaliza wote.

Mtaalamu wa usingizi alikataa kumlaza, na alikuwa na haki. Daktari mkuu, mzee wa maneno machache, akainama karibu na Osmunda.

"Tukingoja tumbo liwe tupu, mayai yataondoka. Naweza kuvuna sasa kwa ganzi tu, ukiwa macho. Itauma, mama. Uamuzi ni wako."

"Vuneni," alisema Osmunda.

Ganzi ile hutuliza ukeni, kwenye ovari haifiki vizuri. Sindano ilipoingia alinibana mkono hadi nikauma meno. Nikaona anataka kujivuta, na akicheza pale sindano inaweza kutoboa mshipa. Nikageukia Kimatengo, lugha ya kwetu. Nikamwambia nimekaa mjini hadi nimesahau kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha miteremkoni, hebu anifundishe. Akaanza. Wanaume wameshalaza majani kwa miraba, yeye amesimama katikati na jembe, anachimba na kufukia majani kwa udongo, anahamia shimo la pili. Sauti ilitetemeka, mwili ukatulia. Vifuko vya kwanza vilikuwa vitupu. Niliogopa, sitawaficha.

Ndipo kidirishani likatoka lile neno. Osmunda akageuza macho kidirishani.

"Endelea kuchimba," nikamwambia.

Alichimba hadi juu ya mlima, na neno lile tukalisikia tena, na tena.

Nilitoka nikiwa nimejiandaa kumgombeza mama mkwe. Nikamkuta amesimama na chupa yake ya uji, akaniuliza kama mwanaye amepata nguvu. Nilishindwa kugomba. Nilimweleza taratibu, naye akakaa chini akajifunika uso kwa kanga. Tangu siku ile maagizo ya kufunga nilimpa mgonjwa pamoja na yule anayempikia, na kliniki nzima ikafuata.

Sasa nimestaafu, nipo Maguu na mibuni yangu. Niliipenda kazi ile na niliiweza. Jumapili moja baada ya misa alinijia yule mama mkwe, mgongoni kabeba mtoto wa kike mwenye macho ya Osmunda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamshusha mtoto. Akatoa chupa kwenye kikapu, akamimina uji kikombeni. Kisha akasita, akanitazama.

"Sista, huyu anaruhusiwa?"

"Mpe, mama," nilisema. "Mjazie."