Shangazi Arudi Bandani

Zamani binti wa Ulyankulu akivunja ungo alikaa kwa shangazi yake wiki nzima akifundwa. Siku hizi anapewa pakiti ya pedi na kuambiwa asome kwa bidii.

Mzee Aleksi Ntakirutimana hakuwa na wa kumlaumu. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari, na kusoma huko kulimpanda kichwani. Ndiye aliyemkataza dada yake, Jeska, kuwafunda wasichana kwenye banda la kufungia tumbaku.

"Hayo ni ya kizamani, dada. Shuleni kuna baiolojia."

Jeska akakaza kanga kiunoni, akaondoka. Walimu nao walidhani mambo hayo husemwa nyumbani. Miaka tisa ikapita, hakuna aliyesema.

Ndipo mjukuu wa Aleksi, Flavia, wa kidato cha pili, miaka kumi na sita, akapata mimba ya dereva wa bodaboda kutoka Puge.

Ndugu wa kijana walikuja na maneno matamu: ng'ombe watatu, ndoa ya haraka, polisi wasijue. Karoli, baba wa binti, alishaitikia.

"Bakini na ng'ombe wenu," Aleksi alisema. "Huyu ni mwanafunzi. Kijana wenu atajieleza kituoni, na binti atarudi darasani."

"Baba, unatuaibisha," Karoli alinong'ona.

"Aibu ilifika kabla yangu, tena kwa pikipiki."

Kesho yake alikwenda kwa Jeska.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeniletea gazeti jingine?"

"Nimekuja kukuomba urudi bandani."

Jeska alimwacha asimame juani. Kisha akasema, "Nitarudi. Mimi najua kumfundisha msichana kukataa, na kutokubali kutumwa peke yake kwa mwanamume. Hayo ya kondomu na sindano atasema nesi Suzana. Na wavulana wakae humo humo wasikie. Mimba haiji yenyewe."

Basi msimu ule vidole vilifunga tumbaku na midomo ikauliza. Katekista akaja kulalamika kwamba watoto wanafundishwa uzinzi.

"Siku utakayonyonyesha wewe, nitakusikiliza," Aleksi alimjibu, akimsogezea majani. "Kaa, ufunge."

Hakukaa. Jumapili watu walimnunia mzee kanisani. Naye akaketi benchi la mbele.

Flavia alijifungua Mei. Januari iliyofuata shule moja ya Tabora mjini ilimpokea, lakini Karoli akaapa kwamba mtoto yule halelewi nyumbani kwake. Jeska akaamua kupanga chumba karibu na shule na kukaa huko na mtoto, ili Flavia apate kunyonyesha.

"Na banda je?" Aleksi aliuliza.

"Suzana yupo. Na wewe mdomo unao. Uliutumia kunifukuza, sasa utumie kuwaita watoto."

Asubuhi ya safari, Karoli alipita stendi na baiskeli yake, macho mbele. Flavia, ndani ya sare mpya, alimwita hadi stendi nzima ikageuka.

"Baba, shikamoo."

Karoli akazidi kukanyaga baiskeli.

"Nitakusalimu tena shule zikifungwa," binti akasema, akapanda basi.

Mzee Aleksi, aliyewasindikiza, hakuishi hadi likizo; hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona: Jeska dirishani, mtoto begani, na Flavia amesimama katikati ya abiria, bila kuinamisha kichwa.